Mitishamba ya kushusha lehemu na kukata kitambi: maswali na majibu

Mafuta kuzidi kwenye damu maana yake nini?

Damu hubeba aina kadhaa za mafuta. Kolesteroli, au lehemu, sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Trigliseridi, aina nyingine, hupanda zaidi mtu anapozidisha chakula, sukari na pombe. Lehemu ya aina ya LDL ikikaa juu kwa miaka, hujijenga ndani ya kuta za mishipa mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Mshipa wa moyo ukiziba ni shambulio la moyo. Wa ubongo ukiziba ni kiharusi.

Nitajuaje kama yamezidi kwangu?

Kwa kupima damu. Mafuta yaliyozidi hayaumi wala hayachoshi, na wembamba si kinga: wapo watu wembamba wenye lehemu ya juu kwa kurithi.

Nimekunywa mitishamba, najisikia mwepesi. Naweza kuacha vidonge vya hospitali?

Hapana. Hili ndilo swali ninaloletewa kuliko yote, na mara nyingi linaletwa kwa kuchelewa, vidonge vikiwa vimeshaachwa zamani.

Tuelewane. Ulipokuwa na lehemu ya juu ulijisikia mzima. Ikishuka utajisikia mzima. Ikipanda tena utajisikia mzima vilevile. Sasa huko kujisikia kunakuambia nini kuhusu damu yako? Hakuna. Wepesi unaousikia baada ya kunywa mitishamba mara nyingi ni tumbo lililoharishwa. Ukitaka kujua kama imefanya kazi, pima. Na hata majibu yakiwa mazuri, usiache dawa kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia, hasa kama umewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo.

Lakini vipimo vyangu vimerudi kawaida kabisa!

Vimerudi kwa sababu unameza dawa. Ukiacha, LDL hupanda tena ndani ya wiki chache, kimyakimya. Jibu bado ni hapana.

Kwani hakuna mmea unaosaidia kweli?

Ipo. Shayiri ina aina ya nyuzinyuzi iitwayo beta-glukani, na gramu 3 zake kwa siku hushusha LDL kiasi. Kitunguu saumu nacho hushusha kidogo. Kiasi na kidogo, nimesema. Mwenye lehemu ya juu sana hatafika anakotakiwa kwa kutafuna kitunguu.

Kuna pia mchele mwekundu uliochachushwa kwa hamira, unaouzwa kama tiba ya asili isiyo na kemikali. Unashusha lehemu kweli, kwa kuwa ndani yake kuna monakolini K, ambayo ndiyo ileile lovastatini, dawa ya kushusha lehemu ya duka la dawa. Kwa hiyo mtu anakimbia kidonge chenye kipimo kinachojulikana, anakwenda kumeza dawa ileile bila kujua kiasi chake, pamoja na madhara yaleyale kwa misuli na ini. Na baadhi yake hukutwa na sitrinini, sumu inayodhuru figo.

Na chai za kukata kitambi?

Nyingi zina sanamaki (senna), mmea wa kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji na choo, mafuta yako yako palepale. Ukiendelea kwa muda mrefu unapoteza na potasiamu, na moyo ukikosa potasiamu mapigo yake huvurugika.

Unga au kidonge cha "asili" kinachokata hamu ya kula ghafla nakihofia zaidi. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa, lakini hadi leo inakutwa imechanganywa kwa siri kwenye bidhaa za kupunguza mwili. Asili yenyewe nayo inaua: Ubelgiji, miaka ya mwanzo ya 1990, zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo baada ya kupewa vidonge vya kupunguza uzito vilivyokuwa na mmea wa aristolokia. Baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo.

Maji ya moto na limao huyeyusha mafuta?

Hapana. Mafuta ya mwilini hayayeyuki kama siagi kwenye kikaango. Mwili huyachoma pale tu chakula kinapokuwa kidogo kuliko matumizi yake, na sehemu kubwa hutoka kwa njia ya pumzi, ikiwa hewa ya kaboni. Ukipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako, trigliseridi na shinikizo la damu huanza kushuka. Punguza chakula, vinywaji vya sukari na pombe, tembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki, acha sigara.

Vidonge vinaniuma misuli, ndiyo maana niliviacha.

Ungesema. Dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa. Maumivu makali pamoja na mkojo mweusi, njoo siku hiyohiyo.

Kifua kikibana, nianze na tangawizi nione?

Hapana, hapana, hapana. Kifua kubana, mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama: hospitali, sasa hivi. Kila dakika unayosubiri chai ichemke, moyo au ubongo unakufa kipande. Usilale uone asubuhi itakuwaje.

Tayari nachanganya mitishamba na vidonge, naogopa kugombezwa.

Njoo nayo, na pakiti yake. Nikikunja uso nivumilie, lakini nahitaji kujua. Vidonge vya kitunguu saumu pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vinaweza kukutoa damu, na ukipangiwa upasuaji ni lazima useme. Uwatu unaweza kushusha sukari kupita kiasi kwa anayetumia dawa za kisukari. Balungi huongeza simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, mwilini. Vidonge vya majani ya chai ya kijani vimewahi kuharibu maini ya watu. Mjamzito asiguse chochote cha kupunguza mwili. Macho yakiwa ya njano, acha mitishamba yote uje leo.