Je, wajua transista iliyofutika jina hutambuliwaje?

Jumapili, soko la Kibuye mjini Kisumu linapofurika, hukosi kukuta redio kuukuu zimetandazwa juu ya gunia. Kasha limepasuka, kifuniko cha betri hakipo, lakini bodi ya ndani ni nzima, na kwa fundi hiyo bodi ni ghala la spea. Shida huanza nyumbani, ukishang'oa transista (kipuri kidogo kinachokuza umeme au kuuwasha na kuuzima) na kukuta wino wa jina umefutwa na joto na vidole vya miaka mingi, au kiwanda kiliipa namba yake chenyewe isiyopatikana katika kitabu chochote. Una kidude cheusi chenye miguu mitatu. Utajuaje ni kipi?

Wengi hukitupa. Mimi huona uchungu, kwa sababu jina lilikuwa la nje tu. Ndani ya transista ya kawaida mna matabaka matatu yaliyobanana. La katikati, besi, limepakana na emita upande mmoja na kolekta upande wa pili. Kila mpaka ni dayodi: umeme hupita kwa mwelekeo mmoja tu, tena baada ya kutozwa volti kidogo. Emita na kolekta zenyewe hazipakani. Kwa hiyo mguu unaopitisha umeme kwa wenzake wote wawili hauwezi kuwa mwingine ila besi.

Weka mita ya kidijitali kwenye alama ya dayodi, transista ikiwa imeng'olewa. Ikiwa bado kwenye bodi, vipuri jirani hupitisha umeme na kuidanganya mita. Miguu mitatu hupimwa kwa njia sita, na ikiwa nzima, njia mbili tu hupitisha. Hii niliyo nayo mezani, uso bapa ukinitazama, naihesabu miguu 1, 2, 3 kutoka kushoto. Waya mwekundu kwenye 3, mweusi kwenye 1: volti 0.689. Mwekundu umetulia palepale, mweusi ukahamia 2: 0.682. Njia nne zilizobaki, mita haioni kitu. Basi 3 ni besi, na kwa kuwa mwekundu ndio uliotulia juu yake, hii ni NPN, aina ambayo besi yake hupokea chanya. Ungetulia mweusi, ingekuwa PNP, aina ya kinyume.

Jihadhari na mita ya mshale. Nyingi, zikiwekwa kwenye omu (kipimo cha ukinzani), hutoa chanya kwenye waya mweusi, hivyo jibu hugeuka.

Sasa tazama tena namba zile mbili. Tofauti ni 0.007 tu, lakini ina maana. Kiwandani, emita hutiwa kemikali za kurahisisha upitaji wa umeme, kama fosforasi, kwa wingi kuliko kolekta, kwa hiyo mpaka wake na besi kwa kawaida husoma juu kidogo. Mguu wa 1 ndio emita, wa 2 kolekta. Kuhakikisha, ichomeke kwenye tundu la hFE la mita, linalopima transista hukuza umeme mara ngapi: ikikaa sawa husoma mamia, ukibadilisha emita na kolekta namba huporomoka.

Mpangilio huo, emita-kolekta-besi, ndio wa C1815 ya Kijapani iliyojaa kwenye redio za Asia. BC547 ya Ulaya ni kolekta-besi-emita, na 2N3904 ya Marekani ni emita-besi-kolekta. Umbo ni lile lile. Anayekisia miguu kwa macho ataunguza kitu, ndiyo maana nasisitiza kupima hata pale jina linaposomeka.

Na je, mita ikisoma 0.2 au 0.3 badala ya 0.6? Usidhani imeharibika. Hiyo ni ya jemaniamu, malighafi iliyotumika kabla ya silikoni ya leo. Regency TR-1, redio ya transista ya mfukoni iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, ilikuwa na transista nne, zote za jemaniamu. Ukikuta kichupa cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi, kama OC71 ya zamani, usiikwangue rangi hiyo: mwanga ukiingia huamsha umeme ndani yake.

Ikisoma sifuri huku na huku, imekufa. Namba zisipofuata mtindo wowote kati ya hizi, huenda si transista kabisa. Vichujio vya masafa na vidhibiti volti navyo huwa na miguu mitatu.

Jambo moja mita haitakwambia: kazi iliyokuwa ikifanya. Hilo lisome kwenye bodi kabla ya kung'oa. Redio za AM huwa na vikasha vidogo vya bati vyenye vichwa vya rangi. Chekundu, kwa kawaida, ni cha osileta, saketi inayozalisha masafa ya redio yenyewe. Cha njano, cheupe na cheusi hufuatana kwenye njia ya kilohezi 455, masafa ya kati ambayo redio hugeuzia kila stesheni. Transista iliyokaa kati yao imezoea masafa ya juu. Mbili zinazofanana karibu na spika ni za kusukuma sauti, nazo zilichaguliwa ziende pamoja, hivyo zihifadhi pamoja.

Mimi huandika kwenye kipande cha plasta, nakizungushia mguuni: "NPN, ECB, 210, karibu na chekundu." Kisha naitia kwenye kikopo.