Je, wajua kwa nini kurudisha homoni si lazima kulinde moyo?

Kwa miaka mingi niliamini hesabu moja nyepesi. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi hushikwa na maradhi ya moyo mara chache kuliko mwanamume wa rika lake. Hedhi ikikoma, estrojeni, homoni kuu ya kike, hushuka na kinga hiyo hupungua. Basi arudishiwe estrojeni, moyo usalimike.

Nilikosea, na madaktari wengi waliamini hivyo hivyo, kwani waliotumia homoni walionekana kweli kuugua moyo kwa nadra. Lakini huko Marekani, waliozitumia mara nyingi walikuwa wenye kipato na elimu zaidi, waliozoea kumwona daktari. Afya ilitangulia vidonge.

Utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, uligawa watu kwa kura: wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79, wengine wakapewa estrojeni na projestini (homoni nyingine ya kike, iliyotengenezwa), wengine kidonge kisicho na dawa. Julai 2002 ukasimamishwa. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, matukio ya moyo yalikuwa 37 kwa wenye homoni, 30 kwa wasio nazo. Tofauti ni ndogo, ila imeelekea kusikotarajiwa. Kiharusi na saratani ya matiti navyo viliongezeka, ingawa mivunjiko ya nyonga ilipungua.

Fikiria ukuta wa mawe wa mji wa kale, Lamu au Unguja. Chokaa mbichi huhitaji kunyunyiziwa maji ili ikomae. Maji yale yale yakimwagwa kwenye ukuta ulioliwa na chumvi, hupenya nyufa na kubandua vipande. Mshipa mchanga hunufaika na estrojeni: hutanuka vizuri. Mshipa wenye mafuta yaliyogandamana kwa miaka una utando mwembamba juu yake. Inadhaniwa kwamba estrojeni huulegeza. Ukipasuka, damu huganda hapo, na vidonge vya estrojeni huongeza kuganda.

Wazo hilo lilipimwa katika utafiti wa ELITE, 2016, kwa wanawake 643. Walioanza estrojeni kabla ya miaka 6 tangu hedhi kukoma, ukuta wa mshipa wa shingo ulinenepa polepole zaidi kuliko kwa wenzao wasiopewa dawa. Walioanza baada ya miaka 10 au zaidi hawakuona tofauti. Napendezwa sana na matokeo haya, lakini unene wa mshipa si mshtuko wa moyo.

Ndiyo maana leo homoni hutolewa hasa kwa ajili ya joto la ghafla na jasho la usiku linaloletwa na kukoma hedhi, si kukinga moyo. Vibandiko vya ngozini huonekana kugandisha damu kidogo kuliko vidonge, ila ushahidi huo mwingi unatokana na kuwatazama tu wanaovitumia, bila kuwagawa kwa kura.