Banda la bati lina umeme? Ethi rodi peke yake haitoshi

Ukipita Sahare, Mikanjuni au Pongwe hapa Tanga, nyuma ya nyumba nyingi utakuta banda la mabati: la kuku, la ng'ombe wa maziwa, la kuchomelea mageti. Ukimuuliza mwenye banda kuhusu usalama wa umeme, atakuonyesha chuma kilichochimbiwa kando ya ukuta. "Ethi ipo." Sisi tunaofundisha ufundi umeme tunaomba wananchi walielewe hili: chuma kile, kikiwa peke yake, hakimkingi mtu.

Tuseme waya wa moto umechubuka ukagusa bati. Ardhi ya Tanga sehemu nyingi ina mwamba wa chokaa chini yake, ule ule ambao maji yaliutoboa tukapata mapango ya Amboni. Mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Rodi ya mita 1.2 iliyogota mwambani kabla haijazama yote inaweza kuwa na ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme usipite) wa omu 40 au zaidi. Gawanya volti 230 kwa omu 40: hazifiki ampea 6. Breka ya ampea 16 haina habari; kwake ni kama mtu amewasha pasi. Haikati leo wala kesho, na bati linaendelea kuwa na umeme. Mwili uliolowa una ukinzani wa takriban omu 1,000, kwa hiyo anayelishika peku anaweza kupitiwa na umeme wa kusimamisha moyo.

Kinachokata hapo ni breka ya ethi likeji, ile yenye kitufe cha herufi T. Hiyo haisubiri umeme uwe mwingi. Inalinganisha unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata ndani ya sekunde 0.3. Ukiwa nayo, hata rodi ya omu 40 inafaa, ingawa si vyema ethi ivuke omu 200. Ifungwe ndani ya nyumba, pale kebo ya bandani inapoanzia, ili na kebo yenyewe iwe chini ya ulinzi.

Je, ukiwa na breka hiyo uache ethi? Hapana. Bila ethi, bati linakaa na umeme kimya, na breka itakata siku mtu atakapoligusa, yeye akiwa ndiye njia ya kwenda ardhini. Ethi ikiwepo, umeme unavuja kupitia humo, na breka inakata kabla mtu hajafika.

Ndiyo maana banda lenyewe lazima liungwe na ethi, siyo soketi peke yake. Fundi atumie waya wa shaba usiopungua milimita 6 za mraba kutoka kwenye ethi hadi kwenye fremu ya chuma, akwangue rangi mpaka chuma king'ae, afunge kwa boliti na kishikizo cha waya. Mabati yaliyopakwa rangi hayategemewi kupitishiana umeme kwa skrubu tu, kwa hiyo apime ukuta kwa ukuta, na mlango upewe kipande chake cha waya laini. Hapa kwetu kuna chumvi ya bahari: shaba ikigusana moja kwa moja na bati, bati linaliwa haraka. Vishikizo viwe vilivyopakwa bati jeupe la kulehemia, na kiungo kipakwe grisi.

Tundu la kuingizia kebo ndilo linaloumiza wengi. Ukingo wa bati ni wembe, na upepo wa kusi unalitikisa kutwa. Pitisha kebo ndani ya bomba la plastiki. Nyutro na ethi zisiunganishwe bandani kabisa. Zikiunganishwa, nyutro ikikatika njiani umeme utarudi kupitia vifaa vilivyowashwa na kujaa kwenye kuta.

Bonyeza kitufe cha T walau kila baada ya miezi 3. Lakini kitufe hicho kinapima breka, hakipimi ethi. Breka itakata hata kama rodi imeoza. Ethi hupimwa na fundi mwenye kifaa chake, na wakati mzuri ni kiangazi cha Januari na Februari, ardhi ikiwa imekauka, siyo masika. Awe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.

Wafugaji waangalie pia ng'ombe anayesogea kwenye karai la chuma, akagusa maji kwa pua, akarudi nyuma ghafla. Ng'ombe huhisi umeme mdogo ambao wewe mwenye ndala huwezi kuuhisi. Na wengi husema, "Bati linatekenya tu, vaa ndala uingie." Usiingie. Zima mein swichi ya nyumba, watoe watoto eneo hilo, ita fundi, na banda lisiwashwe tena mpaka apate ulipochubuka ule waya.