Rekodi za makumbusho si hesabu ya ndege

Wengi wanapoona ramani ya vielelezo vya chiriku aitwaye Haemorhous mexicanus vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Marekani, hudhani kwamba penye alama nyingi ndipo ndege walipo wengi, na pasipo na alama hawapo kabisa. Sivyo. Kielelezo ni ngozi iliyojazwa pamba, mguuni imefungwa lebo ndogo yenye tarehe, mahali na jina la mkusanyaji. Kinathibitisha kwamba siku ile ndege huyo alikuwa pale, basi. Alama hurundikana walikopita wakusanyaji. Tarehe nayo ina uzito wake: chiriku huyu asili yake ni magharibi, na mashariki alienea baada ya wafanyabiashara wa New York, kwa kuhofia sheria iliyokataza kumuuza, kuwafungulia vizimba mwaka 1940 hivi.