Programu haijui bwawa lako litabomokaje: dhana potofu kuhusu HEC-RAS

Kila kundi jipya la wahandisi ninalolifundisha huja darasani na imani ileile, kwamba HEC-RAS, programu ya kompyuta ya kukokotoa mtiririko wa maji mitoni, ndiyo itakayowaambia jinsi bwawa litakavyobomoka. Si kweli, na nimechoka kulirudia. Kazi kubwa ya programu ni kukokotoa safari ya maji. Lakini katika njia inayotumiwa na wengi, upana wa mwanya unaofunguka kwenye tuta la bwawa, mwinamo wa kingo zake na muda unaochukua kufunguka ni tarakimu anazoziingiza mtumiaji mwenyewe. Ndani yake kuna kikokotoo cha kusaidia kukadiria, chenye milinganyo kama ile ya MacDonald na Langridge-Monopolis (1984), Von Thun na Gillette (1990) na Froehlich (2008), yote ikiwa imetokana na takwimu za mabwawa yaliyokwisha kubomoka, nayo kwa bwawa moja hutoa majibu yanayopishana sana. Anayechukua jibu la kwanza bila kuuliza amekisia tu, ijapokuwa ramani yake ya mafuriko ina rangi za kupendeza.

Tarakimu inayostahili mashaka zaidi ni muda. Ukiufupisha, kilele cha mtiririko karibu na tuta hupanda sana, ingawa tofauti hiyo hufifia kadiri maji yanavyosambaa mbali kwenye tambarare. Kwa hiyo wanaoumizwa zaidi na makadirio mabaya ni wakazi walio karibu na bwawa, upande wa chini. Bwawa la Teton huko Idaho, tuta la udongo lililokuwa likijazwa kwa mara ya kwanza, lilionekana likivuja asubuhi ya 5 Juni 1976, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka. Ndiyo maana siipokei ripoti yenye hali moja: nataka kubomoka kwa maji kupita juu ya tuta na kwa maji kupenya ndani yake, kila kimoja kikiwa na muda mfupi na mrefu.

Wapo pia wanaodhani kwamba modeli iliyomaliza bila ujumbe wa kosa ni sahihi. Imemaliza, basi; kagueni mizania ya ujazo wa maji, yaani kama maji yaliyoingia yanalingana na yaliyotoka na yaliyobaki.

Modeli ya pande mbili (2D), inayofuata maji yakisambaa kila upande, nayo haiishindi ya upande mmoja (1D), inayoyafuata kwa urefu wa mto tu, kwa sababu tu ni mpya. Ukiijenga juu ya data za SRTM, yaani vimo vya ardhi vilivyopimwa kwa rada kutoka angani, zenye seli (viraba) za takribani mita 30 na makosa ya kimo yanayoweza kufika mita kadhaa, mto mwembamba hauonekani kabisa, na kuzigawa seli ziwe ndogo zaidi hakuongezi taarifa yoyote. Pimeni mikato ya mto, yaani umbo lake kutoka ukingo hadi ukingo.

Na anayesema mabwawa madogo ya mashambani hayahitaji uchambuzi na asome habari za Solai, kaunti ya Nakuru, ambako usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilibomoka na kuua watu zaidi ya 40.