Je, oili ya sintetiki ni nyepesi mno kwa injini kuukuu ya gari la theluji?

Hapana, na anayekujibu aliwahi kuapa kwamba ndiyo. Hoja yangu ilikuwa hii: injini ya zamani iliyolegea inataka oili nzito, na sintetiki ni maji matupu, itapenya kila sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke, na kuishia sakafuni.

Kumbe nilikuwa sijui kusoma namba za kwenye kopo. Chukua 15W-40 ya kawaida na 0W-40 ya sintetiki. Ile 40 ni moja. Hupimwa kwenye nyuzi joto 100, na oili yoyote inayoitaka lazima mnato wake uangukie kati ya milimita za mraba 12.5 na 16.3 kwa sekunde. Injini ikishachemka, basi, zote mbili zimo katika kipimo kilekile. Zinapoachana ni kwenye W, herufi ya baridi: 15W hujaribiwa ugumu wake wa kuzungushwa kwenye nyuzi -20, 0W kwenye -35. Nilichokiita wepesi ni kuchelewa kuganda tu.

Magari ya theluji ya mikanda yenye injini zinazopozwa kwa hewa, kama Snow Trac ya Uswidi iliyotumia injini ya Volkswagen ya silinda 4, yanajua baridi hiyo vizuri. Hayana maji ya kuganda kwenye rejeta, na huo ndio uzuri wake. Lakini oili haina pa kukwepea: baridi ni yake, na joto ni lake.

Oili ya kawaida hutoka kwenye mafuta ghafi, nayo ina nta kidogo, jamaa wa karibu wa nta ya mshumaa. Kwenye joto imeyeyuka, huioni. Baridi ikizidi, nta hujitenga na kuwa vijisahani vinavyoshikana, na oili iliyobaki hunaswa katikati yake kama maji ndani ya sponji. Sasa washa injini. Pampu inafyonza, inachota kilicho mdomoni pake, na shimo linabaki wazi, kama kijiko kilivyoacha shimo kwenye gundi nzito. Oili ya pembeni haiji kuliziba. Pampu inavuta hewa huku beringi zikisubiri. Sintetiki ya aina ya PAO (polialfaolefini) hujengwa kiwandani kwa molekuli zilizochaguliwa, bila nta hiyo, na zile nyepesi zake humiminika hata kwenye nyuzi -50.

Baadaye mchana mambo yanageuka. Gari linapanda theluji laini kwa mwendo wa mtu anayetembea, mafuta yamekanyagwa, na upepo pekee ni wa feni. Oili ileile iliyoganda alfajiri sasa inapikwa. Watu husema sintetiki hushusha joto la injini; ushahidi wake ni haba, kwa kuwa geji iliyosomwa Jumatatu na Jumamosi imesoma pia hali mbili za hewa. Kilicho wazi zaidi ni kwamba haiharibiki upesi kwa joto.

Na kuvuja? Hapo wazee hawakuwa wanaota. PAO tupu huweza kusinyaza sili za mpira, ndiyo maana watengenezaji huichanganya na esta, aina nyingine ya sintetiki, ambayo huzivimbisha kidogo. Sili iliyokwisha kukauka kwa miaka mingi ni habari nyingine: uchafu ulioiziba ukisafishwa, itadondosha, kopo liandikwe lolote.

Kuna ahadi moja ya sintetiki isiyofika huku: kukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Injini hizo za Volkswagen huchukua kama lita 2.5 na hazina filta ya karatasi, ila chujio la waya linalozuia vipande vikubwa tu. Kwenye baridi, choki, kifaa cha kuongeza petroli wakati wa kuwasha, humwaga petroli isiyoungua, nayo huteremka hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia, ukinuse. Kikinuka petroli, mwaga oili hata kama uliinunua kwa bei ya kuuma, maana mnato wa kwenye kopo haupo tena.