Utalii wa Lubumbashi uanzie kwenye mayai

Wageni wengi wanaolala katika hoteli nzuri za Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba kusini mwa Kongo, hawalipi wenyewe. Wamekuja misioni, yaani wametumwa kikazi: injinia wa mgodi, mkaguzi wa hesabu, fundi wa pampu. Fakture, hati ya kudai malipo, inakwenda kwa kampuni, na kampuni haibishani juu ya dola ishirini za ziada, maana mtambo ukisimama siku moja, hasara yake inameza bei ya vyumba vya mwezi mzima. Mwenye hoteli analijua hilo na anapanga bei kwa kipimo cha mfuko ule. Mtalii anayelipa kwa makuta yake akisikia bei, anaelekea Livingstone, Zambia.

Kwa hiyo mtu akisema tuendeleze utalii ili tusitegemee madini peke yake, mimi naanza kuuliza kitanda ni bei gani. Wanyama na maporomoko tutayafikia baadaye. Madini, sawa na mafuta, yanapandisha bei ya kila kitu kisichoweza kuletwa kwa lori: kodi ya nyumba, kiwanja, mshahara wa dereva mzuri. Wachumi wanauita ugonjwa wa Kiholanzi, kwa sababu Uholanzi iliugua hivyo baada ya gesi ya Groningen kugunduliwa mwaka 1959. Kwetu biashara kubwa inafanyika kwa dola, basi usitafute dalili kwenye thamani ya franga. Zitafute kwenye kodi.

Angola ni mfano wa karibu. Mwaka 2013, 2014 na 2015 Luanda iliongoza orodha ya kampuni ya ushauri ya Mercer ya miji iliyo ghali zaidi duniani kwa wafanyakazi wa kigeni, na kilichoifikisha hapo ni mafuta. Kisha pipa likaanguka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya 30 Januari 2016. Nchi ikabaki na hoteli za bei ya mafuta, na maporomoko makubwa ya Kalandula yasiyo na watazamaji. Viza ya utalii kwa raia wa nchi 98 iliondolewa mwaka 2023 tu. Gabon nayo ilitangaza mbuga 13 za taifa mwaka 2002. Misitu ilipata ulinzi wa sheria, ila nauli ya kuifikia haikushuka.

Sisi tulionja mwaka 2008: tani ya shaba ilitoka juu ya dola 8,000 hadi karibu 3,000 kabla ya mwaka kwisha, na migodi ikafunga milango. Hii ndiyo Katanga, ambayo toka 1971 hadi 1997 iliitwa Shaba, kana kwamba haina kitu kingine. Utalii hautaziba pengo la namna hiyo katika hazina ya serikali. Anayeahidi hivyo hajapiga hesabu. Unachoweza ni kuajiri mikono mingi kwa pesa kidogo, na kuiajiri nje ya uzio wa mgodi.

Mgeni wa kuanza naye tayari yuko mjini. Ijumaa jioni kazi imekwisha, na hadi Jumatatu anaangalia televisheni chumbani. Ndege imelipwa, viza anayo, kitanda kimelipwa. Muuzie Jumamosi yake. Asubuhi, jumba la makumbusho, aone misalaba ya shaba iliyokuwa pesa kabla ya wakoloni. Kisha bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima wa mabaki ya madini uliopo kando yake, kwa mbali. Saa saba bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo) na samaki. Bei moja, imeandikwa, imejumlisha kila kiingilio. Mambo yanaharibikia kwenye vitu vidogo: bei inayobadilika mlangoni, na picha zinazopigwa karibu na kiwanda bila ruhusa. Ruhusa iombwe mapema, kwa barua, na mwongozaji atembee na nakala yenye muhuri.

Sasa mayai. Tazama meza ya chai ya asubuhi: juisi ya boksi, siagi, soseji, mara nyingi na mayai pia, vimepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Dola ya mgeni inalala hapa usiku mmoja, asubuhi inarudi mpakani. Tuchukue hoteli ya vyumba 40, ambamo 24 vina watu. Hao ni wageni kama 31. Mayai mawili kwa kila mmoja ni 62 kwa siku, trei mbili na kidogo. Kuku 100 wa mayai, wakitaga kwa asilimia 75, wanatoa 75. Yaani mfugaji mmoja wa pembeni ya mji anatosha hoteli nzima.

Kwa nini basi haiwi hivyo? Kuku mmoja anakula karibu gramu 115 kwa siku. Mia moja wanamaliza kilo 11 na nusu. Hoteli inalipa baada ya siku 60, kama inavyolipwa yenyewe na kampuni. Katika siku hizo mfugaji amenunua kilo 690 za chakula, mifuko kumi na minne ya kilo 50, kwa pesa ambayo hana. Wiki ya tatu anauza mayai sokoni kwa pesa taslimu, na mpishi anarudi kwa muuzaji wa mpakani. Dawa yake ni mkataba wa malipo kila wiki mbili. Deni la mfugaji halizidi kilo 161, mifuko mitatu na kidogo.

Kosa la pili ni kununua vifaranga wote siku moja. Watazeeka pamoja, na utagaji utaanguka pamoja. Gawanya makundi mawili ya hamsini, na kundi jipya liingie bandani wiki 20 kabla ya kuhitajika, kwa sababu kuku haanzi kutaga kabla ya wiki 18 hivi. Asali na samaki wana hesabu zao, lakini tatizo la siku 60 ni lile lile.

Baada ya Jumamosi kuuzika, ndipo safari ya Kundelungu, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1970, na maporomoko ya Lofoi yanayoshuka zaidi ya mita 300. Ruhusa inatolewa na ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga. Jipu mbili, si moja, tairi mbili za akiba kwa kila jipu, na mafuta yahesabiwe lita 20 kwa kilomita 100, kwenda na kurudi, bila kutegemea kituo cha njiani. Kalenda ndiyo inayowakosesha wengi. Kabla ya Mei udongo unashika magurudumu. Kuanzia Julai moshi wa nyasi zinazochomwa unafunika uwanda. Katikati kuna wiki chache ambapo barabara imekauka na maji bado ni mengi. Ukimpeleka mgeni Septemba, atafika bila shida na kukuta mwamba mrefu na uzi mwembamba wa maji.